Mkojo wa Mji Mzima: Rekodi za Dunia Zinazopatikana Mtaroni

Kila asubuhi Lubumbashi inakojoa. Ruashi inakojoa, Katuba inakojoa, mtaa wetu wa Kenya na Kamalondo na Kampemba vilevile, mkubwa na mdogo, pasta na mlevi. Na kila alichokunywa mtu, alichovuta, alichonusa au alichojidunga jana usiku kinatoka pamoja na mkojo huo, kimeshasagwa na ini na kuchujwa na figo, lakini bado kina alama ya kukitambulisha.

Wanasayansi wamegundua kwamba alama hizo zinahesabika. Wanachota maji machafu ya mji mzima kwa saa 24, kidogo kidogo, wanayachuja, wanayapitisha kwenye mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake. Wakishajua kila lita ina kiasi gani, wanazidisha kwa lita zote zilizopita siku ile. Halafu wanasahihisha, kwa sababu mwili hautoi kila kitu kilichoingia. Mwisho wanagawanya kwa idadi ya wakazi. Jibu linaandikwa hivi: miligramu kadhaa kwa kila watu 1,000 kwa siku. Hakuna aliyeulizwa swali, hakuna aliyepata nafasi ya kudanganya, na hakuna jina la mtu ndani ya chupa.

Tangu hapo miji ya dunia imeingia mashindanoni, itake isitake. Hizi hapa rekodi zake, nikizipima kwa vipimo vya kwetu.

1. Wazo lililongoja muda mrefu kuliko yote

Mwaka 1939 huko Marekani, John R. Paul na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba wamekuta virusi vya polio kwenye maji taka. Maana yake ilikuwa kubwa: mtaro unaweza kusema mji unaumwa nini kabla daktari hajasema. Ilichukua zaidi ya miaka 60 mtu mwingine aulize, "Na dawa za kulevya je?" Mtu huyo ni Christian Daughton, mkemia wa shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, aliyeliandika pendekezo hilo mwaka 2001. Kati ya mwaka ule wa Yale na huu wa Daughton, mji wetu uliitwa Élisabethville, ukawa makao makuu ya Katanga iliyojitenga, ukabadilishwa jina kuwa Lubumbashi, ukaishi Zaire yote tangu mwanzo hadi mwisho. Wazo lilikuwa bado limelala.

2. Mto uliozishinda takwimu vibaya kuliko mto wowote

Hapa ndipo penye utamu, na hapa nitakaa kidogo.

Mto Po unapita kaskazini mwa Italia, urefu wake kilometa 652, yaani kama utoke Lubumbashi hadi Kolwezi, urudi, kisha bado uwe na safari mbele. Watu wapatao milioni 5 wanaishi kwenye bonde ambalo maji yake machafu yanaishia humo. Mwaka 2005 Ettore Zuccato, Sara Castiglioni, Roberto Fanelli na wenzao wa Taasisi ya Mario Negri, Milan, waliuchota mto huo na kutafuta kitu kimoja: benzoilekgonini. Jina ni gumu, kazi yake ni rahisi kueleza. Ndicho mwili unachokitengeneza kutokana na kokeini na kukitoa kwa mkojo. Kokeini yenyewe ingeweza kumwagwa mtoni na mfanyabiashara anayekimbia polisi. Benzoilekgonini kwa wingi namna ile inasema kwamba ilipita kwanza ndani ya mtu.

Walipiga hesabu. Mto ulikuwa unabeba mabaki yanayolingana na kilo 4 hivi za kokeini kila siku. Ukigawa kwa dozi za miligramu 100 unapata dozi 40,000. Kwa siku moja!

Wapeleke watu 40,000 Kamalondo. Uwanja wa TP Mazembe una viti 18,500. Unaujaza mara mbili, na bado watu 3,000 wamebaki nje ya geti wakigombea tiketi. Na kesho yake wanarudi tena. Na kesho kutwa.

Sasa zilikuwa zinasema nini takwimu rasmi, zile za kugonga mlango na kuuliza "bwana, umetumia mwezi huu?" Kwa vijana wa bonde lile zilitoa matumizi kama 15,000. Kwa mwezi. Mto ulisema 40,000 kwa siku, ambayo ni 1,200,000 kwa mwezi. Tofauti ni mara 80. Sijui timu iliyowahi kufungwa namna hiyo na ikaendelea kuitwa timu.

3. Kitu kidogo kuliko vyote kilichowahi kumshtaki mtu

Ndani ya lita moja ya maji ya Po kulikuwa na nanogramu 25 hivi za benzoilekgonini. Ili nanogramu zieleweke, nenda jikoni. Chukua chembe moja ya chumvi, moja tu, ile inayobaki kwenye ncha ya kidole. Ina uzito wa takriban miligramu 0.06. Sasa panga bidoni za njano za lita 20, zile tunazopangia foleni bombani. Panga 120. Zijaze maji, tupa ile chembe humo, koroga. Hicho ndicho kipimo cha Po.

Kokeini yenyewe, ile isiyosagwa na mwili, ilikuwa pungufu zaidi: nanogramu 1.2 kwa lita. Kwa chembe ileile ya chumvi sasa unahitaji bidoni 2,500. Mashine ya Milan iliiona. Mama wa nyumbani anayesema mboga haina chumvi ana ulimi mzuri, lakini amepata mpinzani.

4. Mashindano yenye miji mingi kuliko yote

Mwaka 2011, kwa wiki moja ya mwezi Machi, miji 19 ya Ulaya ilichota maji yake siku zilezile kwa utaratibu uleule, ili hatimaye iweze kulinganishwa bila ubishi. Mabomba hayo yalibeba mkojo wa watu kama milioni 15. Watafiti walipanua hesabu kwa Ulaya nzima na wakapata kilo 356 za kokeini kwa siku: mifuko 14 ya unga ya kilo 25, ile ambayo familia kubwa ya Kampemba inanunua mwisho wa mwezi, lakini hii inaisha yote kabla jua halijachwa.

Michuano hiyo haijasimama tangu hapo. Mtandao wa watafiti unaoitwa SCORE unaiendesha, na matokeo yanatangazwa na shirika la Umoja wa Ulaya la dawa za kulevya lenye makao Lisbon. Msimu wa 2024 uliingiza miji 128 kutoka nchi 26. Kongo ina mikoa 26. Fikiria kila mkoa wetu, kuanzia Haut-Katanga hadi Bas-Uele, uwakilishwe na miji karibu mitano. Watu waliopimwa walikuwa milioni 68.8, karibu theluthi mbili ya Wakongo wote. Ukitaka kuwapitisha wote kwenye uwanja wa Mazembe, mechi moja kila siku, uwanja umejaa kila siku, utahitaji zaidi ya miaka 10.

5. Bingwa wa kokeini, ambaye sisi tunamjua vizuri

Mji ambao umekaa juu kabisa ya jedwali la kokeini mara nyingi, tangu ile wiki ya 2011, ni Antwerpen, Ubelgiji.

Wazee wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, watatikisa kichwa. Shaba ya Katanga ilipanda treni hapa, ikashuka meli kule, ikaenda kusafishwa Hoboken, ubavuni mwa Antwerpen. Bandari ileile iliyopokea shaba yetu kwa vizazi ndiyo sasa inapokea makontena ya ndizi na matunda ya Amerika ya Kusini yaliyofichwa kokeini. Mwaka 2023 maofisa wa forodha wa bandari hiyo walikamata tani 116. Simama pembeni ya barabara ya Kasumbalesa uhesabu malori yanayobeba katodi za shaba, tani 30 kila moja. Hesabu manne. Yote manne yawe na kokeini tupu badala ya shaba. Huo ndio mzigo wa mwaka mmoja uliokamatwa, kwenye bandari moja.

Na hapa ndipo mtaro unapoonyesha umuhimu wake. Polisi wakikamata tani nyingi, huwezi kujua kama wamekuwa hodari zaidi au kama mzigo umeongezeka. Bomba la choo halihesabu kilichokamatwa. Linahesabu kilichoponyoka, kikafika, kikaliwa. Antwerpen ilikamata kuliko bandari zote za Ulaya na bado mkojo wake ukaongoza. Hizo ni rekodi mbili za mji mmoja, na ya pili ndiyo inayoniumiza zaidi.

6. Nchi inayojipima bila kuchoka

Australia ilianza mwaka 2016 na haijaacha. Ripoti zinatoka kila mwaka, na vituo vyake vinafikia zaidi ya nusu ya wananchi. Kati ya Agosti 2023 na Agosti 2024 vilihesabu tani 22.2 za dawa nne zikiwekwa pamoja: methamfetamini, kokeini, heroini na MDMA (ekstasi). Ilikuwa rekodi yao tangu waanze kupima. Kwa malori yetu ya katodi, mzigo huo haujazi hata lori moja. Lakini shaba haisagwi, ikanuswa na kuchomwa sindano mwilini, na zaidi ya nusu ya tani hizo ilikuwa methamfetamini, ambayo hula meno ya mtu na usingizi wake.

7. Siku yenye fujo kuliko zote

Jumamosi na Jumapili. Katika zaidi ya robo tatu ya miji ya Ulaya, kokeini na MDMA hupanda wikiendi na mkia wake unaonekana hadi maji ya Jumatatu. Bangi na methamfetamini mara nyingi hukaa sawa wiki nzima, dalili kwamba mtumiaji wake hangoji dansi. Hakuna dodoso linaloweza kukuambia hivyo siku kwa siku. Mtaro unaweza.

8. Wapimwaji wakubwa wa upande wetu

Wenzetu wa Afrika Mashariki wenye bahari wana mzigo wa kutisha. Mwaka 2014, mwezi Aprili, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi mbali na pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 za heroini. Hiyo ni mifuko 41 ya unga. Desemba 2023 Tanzania ikaivunja: mamlaka yake ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Mifuko 127! Taksibisi za hapa kwetu, hata zikibana abiria na mizigo kama zijuavyo, zingehitaji safari kadhaa.

Hivyo vyote ni vilivyokamatwa. Vilivyoponyoka je? Hapo ndipo panapohitaji mtaro, na mtaro mkubwa wa Afrika Mashariki upo. Mabwawa ya Dandora, huko Ruai pembezoni mwa Nairobi, yamejengwa kupokea hadi meta za ujazo 160,000 kwa siku. Hizo ni bidoni milioni 8 za lita 20. Kila mkazi wa Lubumbashi, na mtoto mchanga aliyezaliwa leo, angebeba bidoni mbili na bado nyingine zingebaki.

Nairobi imeshachotwa, ila kwa swali jingine. K'oreje na watafiti wenzake walipima mabaki ya dawa za hospitali kwenye Mto Nairobi na kwenye maji machafu ya mji huo na Kisumu, na mwaka 2016 Ngumba na wenzake wakakuta ndani ya mto huo viuavijasumu na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Mashine ni za aina ileile, chupa ni ileile, hesabu ni ileile. Anayeweza kuona lamivudini mtoni anaweza kuona kokeini. Kinachobaki ni kuamua kuitafuta.

Addis Ababa nayo ina medali, wala si ya kuvaa shingoni kwa furaha. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa kuliko wote wa dawa za tiba mitoni: mito 258, vituo 1,052, nchi 104. Lahore ya Pakistani ilikuwa ya kwanza, La Paz ya Bolivia ya pili, Addis Ababa ya tatu duniani.

9. Maji safi kuliko yote

Katika utafiti huohuo sehemu mbili tu hazikuwa na chembe ya dawa hata moja kati ya 61 zilizotafutwa: Iceland, na kijiji kimoja cha Wayanomami huko Venezuela. Mbili, katika dunia nzima. Nasonga mbele.

10. Rekodi ya dunia iliyo yetu

Watu wa hapa wanadhani sayansi ya kusoma mkojo iko Milan na Brisbane ya Australia. Iko Lubumbashi pia, na ilivunja rekodi.

Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa hapa na wa Leuven akiwemo Benoit Nemery, walikusanya mkojo wa watu 351 wa Katanga, wengine wakiishi karibu na migodi na mitambo ya kuyeyusha madini, wengine mbali kabisa. Walitafuta kobalti, risasi, kadimi na urani. Matokeo yalichapishwa 2009. Waliokaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodini au mtamboni walikuwa na kobalti mara 43 ya wale wa mbali. Na watafiti wakaandika bila kuzunguka: hiki ndicho kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa duniani kwa wananchi wa kawaida, watu wasiofanya kazi kiwandani.

Mara 43. Bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, lile unaloliona kutoka kila kona ya mji, lina urefu wa meta 153. Chukulia urefu huo ndio kobalti ya mtu wa mbali, mpe mtu wa jirani na mgodi meta 43 kwa kila meta moja yake, na bomba lako linafika angani kilometa 6 na nusu, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Watoto ndio waliokuwa na kobalti nyingi zaidi. Kwa rekodi hii sitaweka alama ya mshangao.

Ninachotaka kionekane ni kwamba tulikuwa na watu wa kukusanya vikombe mlango kwa mlango, kueleza, kuomba ridhaa, kuhifadhi na kupima. Kusoma mkojo wa mji mzima ni hatua moja kutoka hapo, na kwa upande mmoja ni nyepesi zaidi, maana hugongi mlango wa mtu.

11. Mpinzani mgumu kuliko wote

Ungedhani ni kokeini. Hapana. Ni bangi.

Kokeini ina adabu: inayeyuka majini, na sehemu kubwa ya kilichonuswa inatoka kwa mkojo ikiwa na alama ya wazi. Bangi inapenda mafuta. Inajificha mwilini, inatoka zaidi kwa kinyesi, na alama yake inayofika kwenye mkojo ni chini ya asilimia 1 ya kilichovutwa. Hiyo kidogo nayo ikifika bombani inajibandika kwenye tope badala ya kuelea. Makosa madogo ya kupima alama yanakuwa makosa makubwa ukizidisha ili urudi kwenye kiasi kilichovutwa. Kwa mji kama wetu, ambao bangi ndiyo ya kwanza kutajwa kijana anapoharibikiwa, huo ni mlima.

Wa pili kwa ugumu ni heroini. Ndani ya mwili inageuka mofini, na hospitali nayo inatoa mofini kwa wagonjwa wa saratani. Mtaro hautofautishi mgonjwa na mteja wa unga. Ipo alama inayotoka kwa heroini peke yake, ila ni chache na inaharibika haraka njiani.

Lutuku, pombe yetu ya kienyeji, kwa furaha yangu ni rahisi. Mwaka 2011 watafiti wa Oslo walionyesha kwamba pombe huacha kwenye mkojo kitu kiitwacho ethili-salfeti, na kutokana nacho unaweza kukadiria mji umekunywa kiasi gani. Bia ya kiwandani ina hesabu zake. Simba na Tembo zinahesabiwa kwa kasha. Lutuku inayopikwa nyuma ya nyumba kwa mahindi na muhogo haina risiti, haina kodi, haina kasha. Mtaroni inahesabiwa sawa na bia. Ungeondoa bia iliyouzwa kwenye jumla, na kinachobaki ndicho ambacho hakuna ofisi iliyowahi kukiona.

12. Kigawanyo kizee kuliko vyote

Kumbuka hesabu: mwisho unagawanya kwa idadi ya watu. Sasa gawanya kwa wangapi? Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo TP Mazembe imechukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara tatu, 2009, 2010 na 2015, imecheza fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter Milan, na sensa haijarudi. Ukimuuliza mtu wa hapa Lubumbashi ina watu wangapi, mmoja atasema milioni 2, mwingine 3, na kwa hesabu ya mtaro tofauti hiyo inabadilisha jibu kwa theluthi nzima.

Wenzetu wamekutana na tatizo dogo zaidi ya hilo, la watalii na wasafiri wa kila siku, na wakalitatua kwa ujanja. Huko Oslo walihesabu simu za mkononi zilizokuwa ndani ya eneo siku ya kuchota. Wengine hutumia mkojo wenyewe: kila mwili hutoa amonia na kreatinini kwa kiasi kinachojulikana, hivyo maji yaleyale yanayosema kokeini kiasi gani yanaweza kukadiria yametoka kwa watu wangapi. Wazo hilo linanisisimua kuliko dawa zote zilizotajwa hapo juu. Mji ambao haujahesabiwa kwa zaidi ya miaka 40 unaweza kuanza kuhesabiwa chooni.

13. Mji mgumu kuliko yote kuuchota

Katikati ya mji kuna mabomba ya enzi za Élisabethville. Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe watu wengi wanatumia choo cha shimo, na shimo halielekei popote. Ukiweka chupa kwenye bomba la katikati ya mji utapima wenye vigae na kuwasahau wenye mabati.

Lakini njia zipo, na mbili kati yake hazikutoka mbali. Wapima polio barani Afrika, Kongo ikiwemo, walizoea zamani kuchota kwenye mifereji ya wazi na vijito pale ambapo hakuna bomba. Na Lusaka, chini ya kilometa 600 kutoka hapa kwa barabara ya Kasumbalesa, timu ya Ngumba ilifanya kazi kwenye mtaa wa Chunga, mtaa wa vyoo vya nje kama vyetu, ikapima mkojo uliotenganishwa na kinyesi tangu chooni, pamoja na visima na mto. Matokeo yalitoka 2020. Hawakungoja mabomba.

Uangalifu mmoja hauna mjadala. Chupa ya mji wa watu milioni haimtaji mtu. Chupa ya shule moja, gereza moja au kambi moja ya wachimbaji inaweza kunyooshea kidole watu wanaojulikana, na watafiti wa Ulaya walijiwekea miongozo ya maadili kwa sababu hiyo. Kwetu, ambako mchimbaji mdogo tayari anasumbuliwa kwa mengi, chupa ichotwe pale tu ambapo mkojo wa wengi umeshachanganyika.

Mahali hapo papo. Mto Lubumbashi unakusanya mvua, maji ya kufulia na mifereji ya nusu ya mji, unateremka, unaingia Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, Luapula inafika Ziwa Mweru, na kutoka huko maji yanazunguka hadi Mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Safari hiyo ni ndefu mara nyingi kuliko Po yote. Chupa inahitaji kuwa mwanzoni kabisa mwa safari, kwenye daraja, kabla Kafubu haijayachanganya maji, wakati wa kiangazi mto ukiwa mdogo na alama zikiwa nzito. Lita moja Ijumaa, lita moja Jumatatu, zigandishwe kwenye jokofu lenye jenereta pembeni umeme ukikatika. Na lita ya tatu asubuhi ya kuamkia ushindi wa Mazembe, kwa ajili ya lutuku.